Ndimu na Majivu

Eda ilipokwisha, Mwanakheri aliwaita wanachama watatu wa chama cha sarafu za kale, chama cha marehemu mumewe, Shafii. Walimuuguza mpaka wakamzika, naye alitaka kuwashukuru.

Aliweka sinia mbele yao, akafunua kitambaa. Sarafu zote za Shafii zilikuwa zinameremeta kama vijiko vipya.

"Zilikuwa nyeusi, shemeji zangu. Masikini, hakupata nafasi ya kuzisafisha. Nimezisugua kwa ndimu na majivu. Mgawane."

Wote watatu waliinamia sinia. Weusi ule Shafii aliulinda maisha yake yote, kwani kwa watu hawa sarafu iliyosuguliwa imekufa. Sura za wafalme zilikuwa zimelika, hata pua hazionekani.

"Hamkuzipenda?" aliuliza Mwanakheri, akificha ndani ya kanga vidole vilivyochubuka.

Hamdu, mkubwa wao, alitoa mfukoni sarafu yake mwenyewe, nyeusi tii, ambayo Shafii aliiomba miaka na miaka akanyimwa. Akaiweka kwenye sinia, kando ya zile zinazometa.

"Tumezipenda sana, shemeji," alisema. "Ndimu imebaki?"