Kinu cha Sombe

"Mama Elieth, kinu changu hakitatwanga mizoga."

Mama mkwe aliniambia hivyo akiwa amekalia kinu chenyewe, kile anachotwangia majani ya muhogo ya sombe, mchi mkononi.

"Basi migomba iendelee kuanguka, Mama."

"Si umeleta dawa yako toka Kasulu? Mwaga."

Dawa yenyewe ilikuwa minyoo, myembamba kuliko uzi, kwenye ndoo ya maji. Inaingia ardhini na kuua mabuu ya fukusi yanayotoboa migomba kwa chini. Lakini asubuhi hii ilikuwa imelala tu, imenyooka. Ningeimwaga hivyo, jua lingeiua juu ya udongo, na jua lilishaanza kupanda.

Nilichota minyoo kidogo kwa glasi. Kwenye bakuli langu nikachukua buu moja lililouawa na minyoo ya awali, jekundu kama tofali, nikalipasua humo kwa ukucha. Nikampa mama mkwe glasi na kioo cha kukuzia.

"Tazama, Mama."

Alitazama muda mrefu. Minyoo ilikuwa ikijikunja, ikienda kila upande.

"Imeingiwa na nini?"

"Imenusa mzoga. Inajua hapo chakula kimekwisha, inatoka kuwinda. Ndoo nzima inataka mabuu mengi yaliyopondwa, sasa hivi."

"Ponda kwa jiwe."

"Jiwe litachelewa, Mama. Jua hilo linapanda."

Alilitazama. Kisha akasimama.

"Sombe la leo utaanza kula wewe."

"Nitaanza."

Nilimimina bakuli zima la mabuu kinuni, nikanyoosha mkono nipewe mchi. Hakunipa. Alianza kutwanga mwenyewe.