Tai ya Bluu

Sekela ndiye aliyechagua tai ya bluu ya kumzikia mumewe, Lusajo. Lusajo alianza kuivaa aliporudishwa ofisini baada ya miezi ya kufanyia kazi nyumbani, akimzoeza mbwa wao Tomi asilie akiachwa: anaifunga, anatoka, anarudi, anampa kipande cha ini. Mbwa ni mbwa, lakini somo lilimwingia: mwenye tai hurudi.

Jeneza lilipofunguliwa sebuleni, Tomi akainusa tai, akatikisa mkia, akaenda kulala getini.

“Tazama jibwa hili, halina hata chembe ya uchungu!” shemeji akafoka, akamtandika teke.

Walipotoka makaburini, Sekela akachukua ini kwenye sufuria ya msibani, akamtupia. Tomi hakuligusa. Alikuwa akichungulia nyuma ya Sekela, waombolezaji wakiingia mmoja mmoja, mkia wake ukifagia vumbi.