Mirunda ya Siku ya Tisa

Kila aliyehitimu usimamizi wa ujenzi alilazimika kuishi na familia yake, mpaka kufa, ghorofa ya chini ya jengo alilolisimamia kwa mtihani wa mwisho chuoni. Lusekelo aliwashinda wenzake wote kwa kumaliza mapema.

Alasiri moja mkewe, Tusajigwe, alimkuta akisogeza tena kitanda cha mtoto kuelekea mlangoni.

"Baba Atupele, mara ya tatu hii mwezi huu. Kuna nini?"

"Joto tu, mama."

Lakini macho yake yalikuwa kwenye ufa wa dari. Mirunda, miti ya kushikilia zege bichi la dari, ilitakiwa kukaa siku ishirini na moja. Yeye aliing'oa siku ya tisa.

Mkewe naye akatazama juu.

"Na kitanda chetu je?"

Lusekelo akapima kwa macho. Mlangoni palitosha kimoja tu.