Ungo wa Mama

Siku hiyo mwenye mashine ya kusaga aliizima ili Tunu acheze ngoma humo bandani mwake. Watu walikalia magunia. Hakuna kilichopangwa: mpiga ngoma alipiga lililomjia, naye Tunu akalifuata.

"Hodi!" Alikuwa mama yake, aliyeapa kutomtazama akicheza. Alibeba ungo wa mahindi.

"Leo hatusagi, mama," Tunu alimwambia.

"Basi nitapepeta. Sikukufuata wewe."

Watu wakacheka. Mama akaketi sakafuni, akainamia ungo, akaanza kupepeta. Mpiga ngoma akanyamaza kumsikiliza. Tunu akacheza kwa mlio wa ungo, polepole, makapi yakimrukia miguuni.

Mahindi yakatakata, hata kapi moja halikubaki. Mama akainua macho, akamtazama mwanawe, na mikono yake ikaendelea kupepeta.