Pakiti Zisizoguswa na Mkono

Isidore aligonga ubavu wa mashine mara tatu kwa spana, akarudi nyuma, akafunga vifungo vya koti lake. Mashine ilikuwa ikinguruma. Punde pakiti ya kwanza ya unga wa uji ikateleza mdomoni mwake na kudondoka kwenye beseni.

Madame Débora aliiokota, akaigeuza huku na huku. Alikuwa ametumwa na shirika linalolisha watoto kambini, na sharti la shirika lilikuwa moja tu: unga ufungwe na mashine, mkono wa mtu usiuguse. Akiridhika, karakana hii ya mtaa wa Lumumba ingepata kazi ya mwaka mzima. Asiporidhika, Isidore angefunga mlango, maana mteja mwingine hakuwa naye. Kwa hiyo jasho lilimtoka, ingawa asubuhi ya Bunia ilikuwa ya baridi.

"Mashine hii ilitoka wapi?"

"Kampala, Madame. Na camion, njia ya Mahagi."

Njia ya Mahagi haina huruma kwa lori wala kwa mzigo wake. Bati la mashine lilikuwa limebonyea kila upande. Fundi Baudouin alihangaika nayo siku mbili, kisha akaenda zake bila hata kuomba nauli. Isidore alieleza kwamba hiyo ndiyo dalili ya kazi iliyokwisha vizuri.

Madame Débora akaweka pakiti kwenye mzani. Gramu mia tano. Ya pili, mia tano. Ya tano, mia tano na mbili.

"Iko na roho muzuri," Isidore akasema haraka.

"Na bale bamama batatu benye nilikuta hapa siku ile banafunga na mikono? Bako wapi?"

"Ni maendeleo, Madame. Mashine imebeba kazi yao."

Akainamisha kichwa kwa huzuni. Madame Débora naye akainamisha chake kidogo, kwa adabu, kisha akarudi kwenye kazi. Alikuwa mtu mgumu kudanganywa. Kule Kampala aliwahi kuona fundi akichukua saa nzima kubadilisha kipimo.

"Sasa nataka gramu mia mbili."

Isidore akabonyeza kitufe chekundu. "GRAMU MIA MBILI!" akapaza sauti hadi mbuzi wa jirani akashtuka.

"Unapiga kelele ya nini, Papa Isidore? Niko hapa pembeni yako."

"Samahani, Madame. Ni furaha."

Pakiti ikadondoka. Madame Débora akaipima mara mbili, akavua miwani, akaifuta, akapima tena. Mia mbili kamili. Miaka tisa ya kukagua viwanda, na hakuwahi kuona mashine yenye akili kama hii. Alisema hivyo waziwazi, na Isidore nusura alie.

Madame Débora akatandika karatasi ya mkataba juu ya meza, akatoa kalamu.

Ndipo courant ikakatika. Ngurumo ikafa, feni ikasimama, na kwa kuwa madirisha yalikuwa yamefungwa kuzuia vumbi, karakana yote ikawa giza.

"Hakuna shida, Papa Isidore," akasema Madame Débora kwa upole. "Nitangojea courant irudie."

Pakiti nyingine ikadondoka kwenye beseni. Kisha nyingine.

"Patron," mashine ikasema, "utuletee torche. Huku ndani hatuone tena kipimo."