Chumvi ya Kuonea Moto

Siku hizi kila nyumba huku Kamachumu inapikia gongo, na kuwasha kuni ni kosa la kufungwa. Unamimina gongo ya ndizi na maji kwenye tangi la jiko, kichocheo kinaivunja kwa joto, inatoka hidrojeni. Ubaya wake ni mmoja tu: mchana moto wake hauonekani. Mama mkwe aliungua kiganja akidhani jiko limezimwa.

Ndiyo maana nimemfundisha mwanangu Kemilembe, wa miaka mitano, arushe chumvi kidogo kabla ya kusogea. Ikitokea njano, jiko linawaka. Lakini mtoto huyu hajawahi kuona moto mwingine. Kwake moto hauna rangi, na ile njano ni chumvi tu inayocheza. Anaipenda mpaka namfokea.

Jana mchana nilikuwa namenya ndizi, yeye yuko uani. Upepo ukaniletea harufu ya moshi, harufu niliyoiacha utotoni.

“Mama, njoo uone!” aliita kwa furaha. “Kuna mtu amemwaga chumvi kilima kizima!”

Nilitupa kisu. Nilipofika mlangoni, alikuwa keshatoka mbio kuifuata, mikono mbele.