Nyota Iliyopita Katikati

Nukta moja kwenye skrini ilikuwa imeruka juu kuliko nyingine, na Aksanti aliamini kwamba hiyo ndiyo ingemtoa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu.

Alikuwa amejibanza kwenye banda la kuchajia simu, kompyuta mapajani. Tangu utotoni yumo kambini. Hata kwenda Kasulu mjini ni mpaka kibali, na kibali hakitoki. Alikuwa amechoka, amechoka hadi kuionea wivu mionzi ya angani anayoipima, maana hiyo husafiri itakavyo.

"Nieleze," aliandika Profesa Sophie. Zamani alifundisha fizikia Bukavu, kwao Kongo. Sasa aliwaongoza vijana mtandaoni katika utafiti wa anga. Aksanti hakuwahi kumwona wala kumwuliza alipo. Profesa mzima angekuwa wapi kama si Ulaya?

"Prof, ni kwasa yetu ileile, kiini king'aavu cha galaksi ya mbali. Galaksi iliyo mbele yake inapinda mwanga wake na kutugawia picha nne. Kwenye picha moja eksirei zimepanda sana, ila mwanga wa kawaida umetikisika kidogo tu."

"Sababu?"

"Nyota moja ya galaksi hiyo ya mbele imepita katikati. Mvutano wake unakuza kama lenzi. Eksirei zinatoka eneo dogo mno, jirani na shimo jeusi, ndiyo maana zinakuzwa kupita kiasi. Mwanga wa kawaida unatoka kwenye sahani pana ya gesi, hauguswi sana."

Mvua ikashuka, mtandao ukakatika. Uliporudi, jibu lilikuwa linamsubiri.

"Pole, nilikosa mtandao. Umepatia! Tutaandika makala, ila kesho sitakuwepo."

Hilo halikumsumbua. Kesho ilikuwa siku ya mgao wa unga, naye angeshinda foleni.

Akaandika kabla aibu haijamzuia: "Prof, niandikie mwaliko. Chuo chako kikiniita, pengine watanipa kibali. Niko naoza humu. Nakuomba kama mama yangu."

Alipoutuma, akajilaani kwa kiherehere chake.

Kisha, kwa mara ya kwanza, ikaja sauti badala ya maandishi, sauti ya mama mtu mzima asiye na haraka.

"Mtoto wangu, mwaliko wa chuo mimi ninao, huu mwaka wa pili, na kibali wamenikatalia. Makala tutaiandika hapahapa kambini. Njoo Zone ya Saba, ukifika kisimani uliza kwa mama Sophie. Na uje na kiti, kwangu kiko kimoja tu."